Muziki wa Kompyuta Unaostahili Sikio: Anza na Benga ya Kwenu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mitambo ilivyoingia katika muziki: sinthesaiza ya Robert Moog katikati ya miaka ya 1960, mashine ya ngoma ya Roland TR-808 mwaka 1980, na hatimaye programu za kompyuta zilizomwezesha kijana mmoja kufanya chumbani kazi iliyohitaji bendi nzima. Leo tunaingia katika swali gumu zaidi. Nyimbo za aina hii zimekuwa nyingi mno, na mpya zinatoka kila siku. Mtu aliye Mutomo, Mwingi, Wote au Kibwezi, mwenye simu na bando ya shilingi chache, atajuaje ni ipi inayostahili muda wake?

Jibu langu ni moja, nami nitalitetea hadi mwisho: aanze na sikio alilo nalo tayari. Aliyekulia Kitui au Makueni akisikia benga ya Kikamba amekwisha kufundishwa nusu ya somo bila kujua. Kilichobaki ni kulitumia sikio hilo pale ambapo gitaa limeondoka na mtambo umeingia.

Magitaa mawili, pigo moja

Chukua rekodi yoyote nzuri ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, au ya Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Bendi hizi zilitamba miaka ya 1970 na 1980, na ingawa Kakai alifariki mwaka 1987, nyimbo zake bado zinapigwa. Keti, sikiliza, usizungumze. Chini kabisa kuna ngoma ya mguu inayogongwa kila pigo bila kuruka: moja, mbili, tatu, nne. Juu yake kuna besi, nayo haikubali kuwa kivuli cha ngoma. Inauliza, inajibu, na mara nyingi ndiyo inayobeba wimbo. Kisha yanakuja magitaa. Moja linatuliza wimbo katika sauti za chini. La pili liko juu, linadonoa noti nyepesi na za haraka ambazo huzunguka na kurudi zilikoanzia, tena na tena. Mzunguko huo ndio unaomwambia mjuzi kwamba hii ni benga ya Ukambani na si ya Nyanza wala ya Murang'a, hata kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Maneno yakiisha, magitaa huachiwa uwanja na wachezaji wakajua kwamba sasa ndipo.

Benga yenyewe ilianzia kwa Waluo, wapigaji kama D. O. Misiani walipohamishia kwenye gitaa ufundi wa nyatiti, kisha ikasambaa nchini kote. Shirika la Ketebul Music la Nairobi lilisimulia safari hiyo mwaka 2008 katika mradi wake kuhusu historia ya benga nchini. Ukambani uliipokea na kuijenga upya kwa mkono wake. Tazama tu majina ya bendi: Lower Mbooni Boys walibeba jina la milima ya Mbooni, Makueni. Kalambya Sisters nao, kwa wimbo wa “Katelina” wa miaka ya 1980, walionyesha kwamba sauti nyembamba za wasichana zinaweza kuukalia mdundo huo na kuuteka.

Sasa twende Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, madijei kama Frankie Knuckles, aliyepiga muziki katika klabu iliyoitwa Warehouse, waliandaa njia ya muziki unaoitwa house. Ukiuchunguza utakuta ngoma ya mguu kila pigo, besi inayozungumza, na kipande kifupi cha sauti kinachozunguka juu yake. Vijana wa Chicago hawakumjua Peter Mwambi, naye hakuwajua wao. Lakini wote walifikia ujenzi uleule kwa sababu walikuwa na kazi moja: kumfanya mtu acheze usiku kucha bila kuchoka.

Ndiyo maana huwa sikubali lalamiko la kwamba muziki wa kompyuta “unajirudia tu”. Benga pia inajirudia, na ngoma ya kilumi ya akina mama wetu wazee inajirudia kupita zote. Swali la haki ni hili: wakati kitu kinajirudia, nini kinabadilika? Katika benga nzuri, gitaa la juu hubadilisha noti moja, besi hurukia mahali pasipotarajiwa, mpiga ngoma hutupa pigo la ziada upande wa sahani. Katika wimbo mzuri wa kompyuta, sauti hufunguka polepole, mwangwi huongezeka, chombo kimoja huondolewa ili kingine kisikike. Aliyezoea kulingojea gitaa la pili anajua kungojea mabadiliko hayo.

Kinanda harusini

Mtambo uliingia kwetu kwa mlango wa gharama. Kusafirisha bendi kamili kutoka mjini Kitui hadi Zombe au Mutha, pamoja na ngoma, magitaa, vipaza sauti na jenereta, ni gharama inayoweza kumvunja moyo mwenye harusi. Mpiga kinanda na mwimbaji mmoja wanatosha kwenye Probox pamoja na spika zao. Hakuna wa kulaumiwa kwa hesabu hiyo. La kuchunguza ni jinsi mtambo unavyotumiwa.

Kinanda cha kawaida huja na midundo iliyopangwa kiwandani. Bonyeza kitufe, ngoma na besi zinajipiga zenyewe. Mpigaji mvivu huiacha midundo hiyo kama ilivyotoka kwenye boksi. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: ngoma ina nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, madoido yanarudi mahali palepale kila mara, na nyimbo za harusi, za ibada na za kampeni zote zinatembea mwendo mmoja.

Mtazame sasa fundi. Anaizima besi ya mashine na kuipiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akiiruhusu ichelewe kidogo nyuma ya ngoma. Mkono wa kulia unashika kazi ya gitaa la pili: vidole vinadonoa noti moja moja juu kabisa, vikizunguka na kurudi. Anapokaribia mwisho wa maneno anapunguza vyombo, anabakisha ngoma pekee kwa muda mfupi, kisha anarudisha vyote kwa pamoja. Umati unapaza sauti. Chombo ni kilekile kilichotoka kiwandani, lakini sasa kinazungumza Kikamba. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa muziki wote wa kompyuta, wa hapa na wa ng'ambo: je, mtu ameulazimisha mtambo useme lugha yake, au mtambo ndio umemlazimisha yeye aseme lugha ya kiwandani?

Majirani waliofaulu

Ukikishika kipimo hicho, Afrika Mashariki itakufungukia. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Waacholi wana ngoma yao ya harusi na uchumba iitwayo larakaraka. Mapema miaka ya 2000 mtayarishaji Leo Palayeng na mwimbaji Otim Alpha waliihamishia ngoma hiyo kwenye kompyuta. Albamu ya Otim Alpha, “Gulu City Anthems”, ilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Isikilize uone jinsi mapigo ya vibuyu na nyuzi za kienyeji yalivyogeuzwa kuwa milio ya mashine, na bado mzee wa Kiacholi asingepotea njia ya kucheza. Mpiga kinanda wa Makueni atajifunza mengi zaidi hapo kuliko katika nyimbo mia za redioni.

Dar es Salaam kuna somo la pili. Vikundi vya mchiriku kama Jagwa Music vilichukua kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho wengi hukiona kama cha watoto, vikakipitisha kwenye vipaza sauti chakavu hadi sauti ikakwaruza, kisha vikaizungushia ngoma za mkono. Baadaye ikaja singeli, ambayo mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika. Benga nyingi hazifiki mwendo huo. Mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, uliotolewa mwaka 2017, ni mlango mzuri wa kuingilia. Mara ya kwanza utadhani ni kelele. Tafuta ngoma ya chini, uishike hiyo peke yake, na baada ya dakika chache utaona kila kitu kimekaa mahali pake.

Nairobi nayo ina Just a Band, kundi ambalo kwangu ndilo kipeo cha pop ya kielektroniki nchini Kenya. Albamu zake tatu, “Scratch to Reveal” ya mwaka 2008, “82” ya mwaka 2009 na “Sorry for the Delay” ya mwaka 2012, zinastahili kusikilizwa kwa mpangilio huo. Wengi wanalikumbuka kundi hili kwa video ya “Ha-He” ya mwaka 2010 na yule shujaa Makmende aliyeenea mtandaoni. Video isitusahaulishe muziki: besi ya disko, sauti za kuimba zilizopakwa mashine kwa kiasi, na maneno ya kila siku ya Nairobi. Blinky Bill, mmoja wa kundi hilo, aliendeleza kazi kwa albamu yake ya mwaka 2018. Mwaka huohuo Muthoni Drummer Queen alitoa “She” akishirikiana na watayarishaji kutoka Uswisi, na katika albamu hiyo ngoma ndiyo inayotawala.

Kanda zilizo ndani ya sanduku

Kuna mlango mwingine, nao ni wa zamani. Mwaka 1985 Hailu Mergia wa Ethiopia, akiishi Washington, alirekodi peke yake albamu ya akodioni, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Baadaye akawa dereva wa teksi. Mmarekani Brian Shimkovitz aliikuta kanda hiyo Ethiopia, na mwaka 2013 lebo yake ya Awesome Tapes From Africa ikaitoa upya. Mzee akarudi jukwaani. Shimkovitz alikuwa pia amenunua huko Cape Coast, Ghana, kanda ya Ata Kak iitwayo “Obaa Sima”, ya mwaka 1994. Ilipotolewa upya mwaka 2015 ikapendwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa iliporekodiwa.

Mifano hii inatuhusu moja kwa moja. Ukambani ulinunua kanda nyingi katika miaka ya 1980 na 1990, na baadhi zingali majumbani, ndani ya masanduku na makabati. Utepe wa kanda huharibika kwa joto, vumbi na unyevu. Ukiwa na kanda ya benga au ya kinanda nyumbani, iondoe kwenye jua, iweke mahali pakavu penye ubaridi, usiirudishe nyuma kwa pupa, na mtafute mwenye redio kaseti nzima aihamishie kwenye kompyuta. Andika jina la bendi, mwaka kama upo kwenye jalada, na mahali ilikonunuliwa. Kanda isiyo na maelezo haimsaidii yeyote kumtafuta msanii wala kumlipa.

Namna ya kusikiliza

Kwanza, tafuta spika za masikioni hata za bei nafuu. Ngoma ya mguu na besi hutetema takriban mara 40 hadi 100 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti hizo. Ukisikiliza singeli kwa simu tupu unaondoa nusu ya wimbo kisha unaulaumu kwa kukosa uzito. Matatu nazo zina kosa la upande wa pili: besi huzidishwa hadi gitaa la juu linafunikwa.

Pili, sikiliza wimbo mara tatu kabla ya kuuhukumu. Mara ya kwanza fuata ngoma tu, mara ya pili besi, mara ya tatu sauti ya mtu na kile kinachozunguka juu.

Tatu, soma jina la mtayarishaji. Katika muziki wa kompyuta, mtayarishaji ana uzito sawa na mwimbaji, na mara nyingi kumfuata yeye kutakufikisha kwenye nyimbo nyingine kumi nzuri. Fuata pia lebo na studio.

Nne, sikiliza redio kwa kukusudia. Musyi FM hupiga benga ya zamani na ya sasa, ya akina Ken wa Maria, Kativui na Maima. Wimbo ukikugusa, andika jina lake papo hapo.

Tano, ukishaupenda wimbo, uununue au uusikilize mahali panapomlipa msanii. Nyimbo mia zilizonakiliwa kwenye flashi dukani hazimfikishii hata senti.

Na vijana wanaotaka kutengeneza muziki huu wajue kwamba shule zipo. Nairobi kuna Santuri, inayofundisha utayarishaji wa muziki wa kielektroniki huku ikithamini midundo ya Afrika Mashariki. Kijana wa Wote anayekwenda kule akiwa na kilumi na benga masikioni hafiki mikono mitupu. Anafika na mali ambayo programu yoyote ya kompyuta inaihitaji na haiwezi kujitengenezea.

Kwa hiyo wiki hii fanya kazi moja: sikiliza wimbo wa Kakai, kisha wa Otim Alpha, kisha wa Just a Band, kwa mfuatano huo na katika kikao kimoja. Katika sehemu ya tatu tutaugeukia muziki wa kompyuta usio na maneno wala mdundo wa kucheza, kazi za KMRU, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru, tukitumia kilumi kama mlango wa kuingilia.