Jino Lililonyamaza Halijapona

Je, ndugu, umepata kuumwa na jino hata usiku hukulala, kisha siku moja maumivu yakakoma, nawe ukafurahi ukisema, "Nimepona"? Kaa kidogo usome maneno haya. Wengi wanaofika hospitali na shavu lililovimba walisema vivyo hivyo zamani kidogo.

Jino si jiwe. Ndani yake mna nyama laini, yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, nayo mishipa hiyo huingia kwa tundu dogo sana kwenye ncha ya mzizi. Tukila sukari, vijidudu vya kinywani hula pamoja nasi, na kufanya uchachu unaotoboa jino. Vikiifikia nyama ya ndani, inataka kuvimba, lakini haina nafasi, maana imezungukwa na ukuta mgumu pande zote. Ndiyo sababu jino huuma kupita kidonda cha mguu. Mwishowe nyama inakufa, na mishipa ya fahamu pamoja nayo. Basi kimya. Mlinzi aliyepiga kelele amekufa. Mwizi yungali nyumbani.

Kwamba vijidudu ndio mwizi, waganga watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walilionyesha mwaka 1965. Walitoboa meno ya panya. Panya wa kawaida, nyama ya meno yao ilikufa. Lakini panya waliolelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja, nyama yao ilibaki hai, ikajenga ukuta mpya wa kuziba tundu.

Sasa vijidudu na sumu yao hutoka kwa ncha ya mzizi. Mwili hauvikubali. Hutuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, na hujenga boma. Mfupa wa taya hupungua mahali pale, na nafasi yake hujaa nyama mpya, ambayo waganga huiita granuloma. Mara nyingi haiumi hata kidogo. Picha ya radio huionyesha kama doa jeusi kwenye ncha ya mzizi.

Wataalamu wa maabara hukata nyama hiyo vipande vyembamba mno, kama sehemu 5 za elfu za milimita, kisha huvitia alama za rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alama iitwayo CD34 hushika chembe zilizotandikwa ndani ya mishipa ya damu, hata mishipa yaweza kuhesabiwa. Nyingine huonyesha VEGF, ambayo ni kama mjumbe anayeita mishipa mipya imee. Vimentini hushika chembe za nyama ya kuunganisha, miongoni mwao fibroblasti, wafumaji wa nyuzi za kolajeni. Kwa kawaida, penye vita vikali huonekana mishipa mingi, hiyo ndiyo barabara ya askari. Vita vikitulia, nyuzi huzidi.

Utauliza, "Hayo yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Barabara hizo zote ziko nje ya mzizi. Ndani ya jino lililokufa haiingii hata moja. Dawa unayomeza husafiri katika damu. Itafikaje mahali pasipo damu? Kwa hiyo vidonge vya sokoni hutuliza vita kwa muda, na adui hubaki ngomeni mwake. Nawashangaa wanaovinunua tena na tena kwa ajili ya jino lilelile.

Tena boma laweza kuvunjika. Usaha hutoka kwa kijitundu katika ufizi, au uvimbe hupanda shavuni. Unaoogopesha kuliko yote ni ule wa chini ya taya na ulimi, ambao mganga Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza mwaka 1836. Mgonjwa ana homa, hafungui kinywa vizuri, mate yanamtoka, ulimi unainuka, pumzi inakuwa ya shida. Mtu wa namna hiyo usimngojee asubuhi. Mlete usiku uleule, naye aketi wima njiani. Usimlaze chali, asije akakosa hewa.

Kwa jino lenyewe kuna njia mbili: mganga wa meno asafishe ndani ya mzizi na kuuziba, au aling'oe. Adui akiisha kuondolewa, mfupa hurudi polepole, miezi mingi. Usitie maji ya betri tunduni. Yanaunguza ufizi na ulimi. Karafuu hutuliza maumivu, lakini haiondoi usaha.

Ukiisha kung'olewa, uma pamba au kitambaa safi nusu saa. Siku ile usisukutue, usivute tumbaku, wala usichokoe shimo kwa ulimi, maana damu iliyoganda ndiyo kifuniko chake. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kila baada ya kula.