Kwa Nini Injini ya Gari Kuukuu Huchemka?

Gari kuukuu lipandapo mwinuko wa Sekenke, mkoani Singida, si ajabu injini yake ichemke. Chanzo chake ni nini?

Pampu huzungusha maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako hewa huyapoza. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Sentigredi, si 100. Hivyo mfuniko wa rejeta usiobana huharakisha mchemko.

Gari likichemka liendapo polepole tu, feni au mkanda wake una kasoro. Likichemka hata liendapo kasi kwenye tambarare, yamkini rejeta imeziba: maji magumu huacha ukoko mirijani, kama ndani ya birika. Injini ikiungua huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa baridi, ama maji yamepungua, ama themostati imekwama.

Mfuniko usifunguliwe kamwe kabla injini haijapoa. Kanieneo ikishuka ghafla, maji hufoka na kumbabua afunguaye.