Gharama ya Kuhama: Simu na Intaneti za Nyumbani Nchini Uingereza

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mwananchi wa Uingereza aliyetaka simu nyumbani kwake hakuwa na la kuchagua: Posta, iliyokuwa chombo cha serikali, ndiyo iliyomiliki nguzo, waya na hata simu yenyewe iliyokaa mezani, na aliyechoshwa na huduma yake alikuwa na hiari mbili tu, kustahimili au kukaa bila simu. Mji wa Hull, ulio mashariki ya nchi, ulijitenga na kanuni hiyo, kwa kuwa halmashauri yake iliendesha simu zake yenyewe tangu mwaka 1904, na vibanda vyake vya simu vikapakwa rangi ya malai badala ya nyekundu ijulikanayo duniani. Walakini wakazi wa Hull nao walikuwa na bwana mmoja, ila bwana wao alikaa karibu zaidi. Mwaka 1981 simu zilitengwa na Posta, na mwaka 1984 sehemu kubwa ya shirika jipya, British Telecom (BT), ikauzwa kwa wanahisa. Ndipo lilipozuka swali ambalo zama za bwana mmoja hazikulijua: mtu akimchoka huyu na kumpenda yule, atahamaje, na kuhama kwenyewe kutamgharimu nini?

Ili jambo hili lifahamike, yapasa kwanza kujua nani anamiliki nini. Waya nyingi za simu ziingiazo katika nyumba za Uingereza zimo mikononi mwa Openreach, idara iliyoundwa ndani ya BT mwaka 2006 na baadaye ikapewa nafsi yake ya kisheria, na kampuni kama Sky na TalkTalk hukodi waya hizo hizo na kuwauzia wateja huduma kwa majina yao. Anayehama baina ya kampuni za namna hii aghalabu habadilishiwi waya. Kinachobadilika ni hesabu na mitambo iliyoko mbali na nyumba yake. Virgin Media, kwa upande wake, ina waya zake yenyewe, na kampuni ndogo za mkongo zilizozuka miaka ya karibuni zina zao. Anayehamia huko huletewa fundi wa kutoboa ukuta na kuvuta waya mpya, wakati waya wa kale ungali hai na bili yake ingali ikihesabiwa.

Kizuizi kikubwa cha zamani kilihusu idhini na aliyeishika. Mteja wa intaneti aliyetaka kuhama hakuwa na budi kumwomba mtoaji wake wa kale wa huduma namba maalumu, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kisha akampelekea mtoaji mpya ili kazi ianze. Ilikuwa mithili ya mpangaji kulazimishwa kumwomba mwenye nyumba hati ya ruhusa ya kuondoka, ilhali mwenye nyumba ajua fika kwamba akiitoa hati hiyo atapoteza kodi. Wako waliochelewesha, wako waliokataa kwa kisingizio cha deni, na wako waliomshika mteja kwenye simu kwa maneno matamu na punguzo la ghafla, hata akaghairi. Februari 2007, Ofcom, mamlaka ya mawasiliano iliyoanza kazi zake mwishoni mwa mwaka 2003, iliwawajibisha watoaji wote kuitoa namba hiyo ndani ya siku 5 za kazi. Na Juni 2015 namba yenyewe ikafutwa, na uongozi wa uhamisho katika waya za Openreach ukakabidhiwa mtoaji mpya, ambaye ndiye mwenye haja ya kuona jambo linatimia.

Palikuwa na taabu nyingine iliyowakuta hata wasiokuwa na mkataba na mtu yeyote. Mpangaji alihamia nyumba mpya, akaagiza intaneti, akajibiwa kuwa haiwezekani, kwa sababu laini ya nyumba hiyo ilikuwa ingali na alama ya kampuni iliyomhudumia mpangaji aliyetangulia. Kampuni ile haikumjua na haikuwa na wajibu wowote kwake. Kampuni mpya haikuwa na uwezo wa kuifuta alama ya mwenziwe. Na BT, mwenye waya, alimrudisha kwa hao hao wawili. Hivyo mtu alizungushwa kwa majuma mengi kwa ajili ya alama iliyosahauliwa katika daftari la mtu mwingine.

Hata hivyo insafu yatutaka tukiri kwamba si kila kizuizi kiliwekwa kwa hila. Kuhama kulipokuwa rahisi kupita kiasi, walizuka wachuuzi wa mlangoni na wa simu waliowahamisha watu bila ridhaa yao, na mzee aliyedhani amejibu maswali ya adabu tu alishtukia bili yenye jina asilolijua. Kwa sababu hiyo sheria ilitaka kampuni zote mbili zimwandikie mteja barua, kisha zingoje siku 10 za kazi ili apate kukataa. Hekima yote ya jambo hili imo katika mizani hiyo: mlango uwe mwepesi kwa mwenye nyumba, uwe mzito kwa mwizi.

Ama gharama zenyewe, kubwa kuliko zote ni ada ya kuvunja mkataba kabla ya muda wake. Mswahili aliyezoea vocha na vifurushi vya kulipia kabla, ambaye akichukizwa na mtandao hununua laini nyingine jioni ile ile, hushangaa afikapo London au Leicester na kutakiwa kutia sahihi mkataba wa miezi 12, 18, au hata 24, ambayo ndiyo kikomo cha sheria. Anayelipa pauni 30 kwa mwezi akaondoka ikiwa imebaki miezi 10 anaweza kudaiwa sehemu kubwa ya pauni 300 ambazo angalizilipa, ingawa kampuni yapaswa kuondoa humo gharama ilizoepuka kwa kutomhudumia tena. Mwaka 2010 Ofcom iliwabana BT, TalkTalk na Virgin Media hata wakapunguza ada hizo za simu za nyumbani, maana zilikuwa zimepita kiasi.

Nyuma ya ada hiyo kubwa hufuata msafara wa ndogo ndogo: ada ya kufunga laini, ada ya kufungua nyingine, gharama ya fundi, na malipo ya ruta isiyorudishwa. Iko pia gharama isiyoandikwa popote, nayo ni anwani ya barua pepe iliyotolewa na kampuni. Mtu aliyeitumia kwa miaka mingi kwa benki, daktari na jamaa huona taabu kuiacha, na baadhi ya kampuni humtoza ada ya kila mwezi ili abaki nayo baada ya kuondoka. Tena kwa miaka kadhaa mikataba mingi iliruhusu bei kupanda katikati ya muda kwa kufuata mfumuko wa bei pamoja na nyongeza juu yake, na mteja hakuweza kuondoka bure kwa kuwa alikuwa amekwisha kuridhia bila kujua kiasi. Tangu tarehe 17 Januari 2025, mkataba mpya wapaswa kutaja nyongeza hiyo kwa pauni na peni tangu siku ya sahihi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifika tarehe 12 Septemba 2024, baada ya kampuni kuchelewa kuliko muda uliowekwa, yaani Aprili 2023. Kwa utaratibu mpya ulioanza siku hiyo mteja huzungumza na mtoaji mpya peke yake, hata kama waya ni mbalimbali. Mtoaji wa kale huarifiwa kwa mitambo, naye hulazimika kumpelekea mteja taarifa ya ada atakazodaiwa na huduma zitakazoathirika, ndipo mteja aamue. Vilevile ni haramu sasa kumtoza mtu kwa siku za notisi zinazopita siku ya kuhama, jambo ambalo zamani liliwafanya wengi walipe bili mbili kwa mwezi mmoja. Lakini utaratibu huu haukuifuta ada ya kuvunja mkataba. Umeilazimisha tu ijitokeze hadharani kabla ya uamuzi.

Simu ya mezani nayo yabadilika. Mtandao wa kale wa simu umekusudiwa kuzimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027, na simu za nyumbani zinahamishiwa kwenye intaneti, zikichomekwa katika ruta. Zamani mtu aliweza kuwa na simu kwa huyu na intaneti kwa yule. Sasa viwili hivyo vimefungwa pamoja, na anayehamisha kimoja huenda akakipoteza kingine asipoangalia. Kwa hiyo asifunge laini yake ya kale kwanza akidhani anajirahisishia kazi, kwa sababu namba iliyokwisha kufungwa ni vigumu kuihamisha; amwachie mtoaji mpya aiombe ingali hai.

Msomaji mwenye jamaa huko, au anayejiandaa kwenda, na azingatie haya. Aulize tarehe ya mwisho ya mkataba, maana tangu mwaka 2020 kampuni hupaswa kumtaarifu mteja kabla muda haujakwisha, na baada ya hapo yuko huru. Akijuta upesi baada ya kununua kwa simu au mtandaoni, anazo siku 14 za kutengua. Kampuni zilizojiunga na mpango wa fidia ulioanza Aprili 2019 humlipa bila kuombwa fundi asipotokea au huduma ikichelewa. Na malalamiko yasipotatuliwa yuko msuluhishi asiyedai malipo. Lililo kuu kuliko yote ni hili: asome masharti ya kutoka kabla ya kutia sahihi ya kuingia, kwa kuwa bei ya kuingia hutangazwa kwa herufi kubwa, na bei ya kutoka huandikwa kwa ndogo.