Kibubu cha Udongo

Paukwa! Pakawa!

Kaeni vizuri, wanangu. Mtoto mmoja wa hapa Nungwi kaniuliza: "Ami, kwa nini serikali imsaidie mkulima kutunza udongo? Udongo si upo tu?"

Ahsante, mwanangu. Kuuliza si ujinga.

Udongo haupo tu. Nenda nyuma ya nyumba ukatazame. Mawe! Ni matumbawe ya zamani, yaliyokuwa chini ya bahari hapo kale. Udongo umejificha katika vishimo, kati ya jiwe na jiwe. Haya ndiyo maweni. Kule Kizimbani, penye mikarafuu, udongo una kina. Kwetu sisi, kila ukufi una thamani.

Sasa nyamazeni. Udongo wa maweni anataka kusema.

"Mimi ni kibubu. Jani linavuta hewa ukaa, linachukua kaboni, ile ile iliyojaa kwenye mkaa wa mama. Kwa mwanga wa jua linaigeuza kuwa shina, tawi na mzizi. Jani likianguka, wadudu wangu wanalila. Kaboni nyingine inarudi hewani, maana nao wanapumua. Nyingine inabaki kwangu: nyeusi, laini, inashika maji ya mvua yasipotelee maweni. Hiyo ndiyo mboji. Nitilie! Nitilie kidogo kidogo!"

"Ami, na kibubu kikivunjwa?"

Umeuliza la maana. Wazee wetu walifyeka msitu, wakatia moto, wakapanda mtama, mihogo na kunde. Kisha wakahama. Msitu ukaota tena miaka mingi, kibubu kikajaa tena. Siku hizi watu ni wengi, nyumba na hoteli zimesogea. Shamba halipumziki. Moto juu ya moto, na kibubu kitupu.

"Basi mkulima aache kuchoma!"

Aache, ndiyo. Atandaze majani juu ya ardhi. Atie samadi. Apande kunde kati ya mihogo, maana mizizi ya kunde ina vijidudu vinavyovuta nitrojeni hewani na kulisha mmea. Apande miti pembezoni. Lakini kibubu hakijai kwa wiki moja. Mboji inataka miaka, na watoto wa mkulima wanataka kula usiku huu.

Tena, akiba ile si yake peke yake. Hewa ukaa ikipungua angani, anafaidi mvuvi wa Nungwi, anafaidi mkulima wa Pemba, anafaidi hata mtu wa ng'ambo asiyeijua Nungwi. Faida ni ya wote. Je, ni haki taabu iwe ya mmoja?

"Kwa hiyo serikali inatia pesa kwenye kibubu?"

Umepata! Mara pesa, mara miche, mara elimu. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa mabwana shamba na mabibi shamba wawafundishe wakulima. Inagawa miche ya mikarafuu bure. Kuna shamba darasa, wakulima wanajifunza pamoja, majembe mikononi. Na mwaka 2010 ulianza mradi wa HIMA, wa Idara ya Misitu na shirika la CARE, kwa fedha za Norway. Wanavijiji walitunza misitu yao kwa matumaini kwamba kaboni iliyomo itawaletea kipato. Tanzania Bara nayo, mwaka 2023, ilizindua mkakati wa kilimo ikolojia hai.

"Norway? Mbona mbali hivyo?"

Mbali kwa meli, mwanangu. Hewa haina bandari wala mpaka.

"Na msaada ukisha, Ami?"

Lo! Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na limetoka kwako wewe mdogo. Mradi una mwanzo na mwisho. Udongo unataka kutiliwa kila mwaka. Akiba ya miaka mingi yaweza kuteketea kwa moto wa asubuhi moja. Kwa hiyo msaada mzuri ni ule unaomvusha mkulima miaka ya mwanzo, ile ya kutia bila kuvuna sana, mpaka shamba lenyewe lianze kumlipa.

Sheha akiita mkutano wa wakulima, nenda na mzazi wako. Nyoosha mkono, uulize kwa adabu: "Msaada huu ni wa miaka mingapi? Na ukisha, nani ataendelea kutia?" Wakikujibu, njoo unieleze na mimi.