Hazina ya Ukoo wa Tokugawa

Hapo zamani nchi ya Japani ilitawaliwa na watu wa vita walioitwa samurai. Mkuu wao aliitwa shoguni. Mwaka 1603 cheo hicho alipewa Tokugawa Ieyasu, na wazao wake wakakishika mpaka mwaka 1867. Siku zile samurai alijulikana kwa panga mbili kiunoni, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Upanga wa namna hiyo haukufuliwa kwa haraka. Wahunzi waliyeyusha mchanga wenye chuma kwa makaa ya miti, wakapata pua. Wakaipiga kwa nyundo, wakaikunja, wakaipiga tena, hata takataka zikatoka. Kisha wakaupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba penye makali. Wakautia motoni, na ulipoiva wakautumbukiza majini. Penye makali chuma kilipoa upesi kikawa kigumu sana. Mgongoni kilipoa polepole, kwa hiyo upanga haukuvunjika upesi. Deraya nazo zilifanywa kwa vipande vidogo vya chuma na ngozi vilivyofungwa pamoja kwa kamba za hariri, ili mtu aweze kuinama na kugeuka.

Vitu hivyo baba alimwachia mwanawe. Ieyasu alipokufa mwaka 1616, mali yake iligawanywa, na fungu moja likamwangukia mwanawe Yoshinao, bwana wa Owari, mwenye ngome ya Nagoya. Wazao wake wakalitunza na kuliongeza. Mwaka 1639 binti wa shoguni aliozwa katika nyumba hiyo, naye umri wake miaka miwili tu. Vyombo vyake vya arusi, vyenye nakshi za dhahabu, vipo hata leo.

Walakini mambo yaligeuka. Mwaka 1868 utawala ulirudi kwa Mfalme, na mwaka 1876 ilitoka amri kwamba watu wasivae panga tena, ila askari na baadhi ya wakubwa. Samurai wengi walikuwa wamepoteza riziki yao. Wakauza panga na deraya za babu zao wapate chakula. Hivyo urithi wa koo nyingi ulitawanyika.

Tokugawa Yoshichika, mkuu wa 19 wa nyumba ya Owari, alichagua njia nyingine. Mwaka 1931 aliikabidhi hazina ya ukoo wake kwa chama alichokiunda, na mwaka 1935 jumba la makumbusho likafunguliwa mjini Nagoya. Mwezi wa Mei 1945 ngome ya kale iliteketea kwa mabomu, lakini jumba lile lilisalimika, na vitu vyake, zaidi ya 10,000, vingali vyatunzwa.

Kazi ya kuvitunza haina mwisho. Panga hufutwa na kupakwa mafuta, wala chuma chake hakiguswi kwa mkono mtupu, kwa maana jasho huleta kutu. Picha za kale huonyeshwa kwa muda mfupi tu, zisififishwe na mwanga.

Zamani mkulima hakuthubutu kuingia katika vyumba vya bwana wake. Leo mtoto wa mkulima aweza kusimama mbele ya panga za mabwana wale, akazitazama kwa utulivu. Wahenga husema akiba haiozi. Lakini chuma kisipotunzwa huliwa na kutu, na urithi usiopata mlinzi hupotea.