Mchezo wa Maneno: Herufi 100 za Kutusaidia Kusoma



Hapa kwetu Makupa michezo ya barazani tunaijua: bao, karata, na drafti ya vifuniko vya soda. Safari hii tungependa kuwaeleza mchezo wa kuunda maneno uitwao Scrabble. Wengine husema ati ni wa watu waliosoma sana. Lakini ulianzishwa na mtu aliyekosa kazi, na kikundi chochote chaweza kujitengenezea wake.

Ulianza vipi?

Mwaka 1931, wakati wa hali ngumu ya uchumi huko Marekani, mchoraji ramani za majumba aitwaye Alfred Butts alipoteza kazi yake. Basi akachukua magazeti, akahesabu kila herufi hutokea mara ngapi. Herufi zinazotokea sana, kama E, alizipa vipande vingi na pointi chache. Zile adimu, kama Q, alizipa vipande vichache na pointi nyingi.

Makampuni yaliukataa mchezo wake. Mwaka 1948 James Brunot aliuchukua na kuupa jina la Scrabble. Mwaka 1949 alitengeneza seti karibu 2,400, akapata hasara ya dola 450. Hakuacha. Kufikia 1952 oda zilikuwa nyingi kumshinda. Vikundi vyenye miradi vizingatie hapo.

Unachezwaje?

Ubao una vyumba 15 kwa 15, yaani 225. Vipande ni 100, na viwili kati yake ni vitupu. Hivyo husimama badala ya herufi yoyote. Kila mchezaji huchukua vipande 7 bila kuchungulia. Neno la kwanza hupita katikati ya ubao, na kila neno jipya lazima liungane na yaliyopo. Pointi hujumlishwa.

Tutengeneze wa Kiswahili

Seti ya Kiingereza ina K moja tu. Sasa utaandikaje "kuku" au "kikapu" bila kutumia kipande kitupu? Kwa hivyo tufanye kama Butts:

1. Chukueni ukurasa wowote wa Kiswahili. Hesabuni herufi 500, mkiandika kila moja imetokea mara ngapi.
2. Gawanyeni kwa 5. Jibu ndilo idadi ya vipande vya herufi hiyo. Mtaona A inaongoza. Q na X ziacheni. Herufi adimu ipewe angalau kipande kimoja.
3. Bandikeni herufi ndani ya vifuniko vya soda. Ubao ni kipande cha katoni.

Faida yake

Mwenzetu asiyejua kusoma hutia kidole kwenye karatasi ya mkopo bila kujua imeandikwa nini. Kitabu cha kikundi kikishasomwa na mtu mmoja tu, shaka huingia, na vikundi vingi huvunjikia hapo. Mchezo huu hautoshi kuwa darasa la ngumbaru, lakini unamzoesha mtu herufi bila kuona haya. Anaona "lima" mezani, mwenzake anaongeza KU, inakuwa "kulima". Mwingine anaweka M mbele, "mkulima". Hapo wote wamejifunza jinsi Kiswahili kinavyojengwa. Hesabu ya kujumlisha nayo inapatikana, na watoto hufaidika pia.

Kukitokea ubishi, anayeweka neno aeleze maana yake, kisha kamusi iamue. Anayejua sana acheze pamoja na anayeanza. Na tafadhali, msichezee pesa.

Waafrika tunauweza. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa bingwa wa dunia katika Scrabble ya Kiingereza, na mwaka 2017 mashindano ya dunia yalifanyika Nairobi. Kwa Kiswahili chetu tutashindwaje?

Maswali ya kujadili

- Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusoma kitabu cha hesabu cha kikundi?
- Nani ataleta katoni, na nani atakusanya vifuniko?
- Tutacheza siku gani, kabla au baada ya mkutano?