Muundi Mwenye Pengo

Wapwa zangu, sogeeni hapa chini ya mkorosho. Leo anasimulia Muundi, ule mfupa mkubwa mnaoupapasa chini ya goti.

"Kijana wangu alianguka na bodaboda kwenye mteremko wa Newala," anasema Muundi. "Nikavunjika. Uchafu ukaingia, kipande changu kikaoza, daktari akakitoa. Sasa nina pengo la sentimita sita."

Mjomba, kwa nini asijizibe mwenyewe?

Swali zuri hilo! Ufa mwembamba huuziba mwenyewe. Pengo kubwa hawezi. Ni barabara ya mlimani iliyokatwa na mvua: magari ya Newala yamekwama juu, ya Masasi yamekwama chini.

Si wachukue mfupa kwingine?

Umewaza kama daktari, mpwa wangu! Madaktari huchukua punje za mfupa wa nyonga. Ila kwenye pengo kubwa, punje zikijazwa tu, mwili huziyeyusha. Mfaransa mmoja, Alain-Charles Masquelet, alianza kwa kuziba pengo na saruji ya mifupa. Mwili huizungushia utando wenye damu nyingi. Baada ya wiki sita hadi nane saruji hutolewa, punje huwekwa ndani ya utando ule, nazo hushika. Tena Muundi ana jirani, mfupa mwembamba wa pembeni. Kipande cha jirani huyo huweza kuhamishwa pamoja na mshipa wake wa damu.

Lakini njia inayonistaajabisha mimi ni ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, kule Siberia, miaka ya 1950. Mguu huvishwa pete za chuma zenye nyaya nyembamba zinazopita hadi mfupani. Kisha daktari humkata Muundi tena, sehemu iliyo nzima!

Amkate tena? Kwa nini?

Apate kipande cha kusafiri. Wanasubiri kama wiki moja. Halafu skrubu huzungushwa, robo milimita, mara nne kwa siku. Kipande kinashuka kuelekea pengo, na kule kinakotoka mfupa mpya unaota.

"Msinivute haraka," anasema Muundi, "mfupa mchanga utakatika. Msinivute polepole mno, nitaganda kabla sijafika."

Milimita moja kwa siku, sentimita sita. Hesabuni! Siku 60. Nazo pete hubaki miezi mingine mingi, mpaka mfupa ukomae. Siku zote hizo nyaya zisafishwe kwa maji safi, nasi wa huku juu Newala tunajua maji yalivyo adimu. Anayeuguza mguu huo achotewe kwanza.

Kwa matibabu, kule Masasi kuna Hospitali ya Ndanda ya Wabenedikto. Mivunjiko mizito mara nyingi hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Mjomba, yule kijana atacheza mpira tena?

"Nikikomaa, naweza kumbeba," anasema Muundi. "Kilichoota hapa ni mfupa wangu mwenyewe, wenye damu yangu."